Tusimpe Mtu Funguo Tukaondoka

(Maelezo haya yalisomwa na ofisi yetu ya maendeleo mbele ya kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili katika mkutano wa mwaka. Tunayachapa hapa kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala ya kwenda kusoma na wenzao.)



Kwa kawaida katika mkutano huu tunasimama kutoa taarifa ya visima vilivyochimbwa, madarasa yaliyoezekwa na fedha zilizotumika. Taarifa hiyo mnayo mikononi. Leo tumeomba tuzungumzie jambo ambalo halina ukurasa wake katika taarifa, lakini limetugharimu kuliko pampu yoyote iliyoharibika. Jambo lenyewe ni namna tunavyowatendea watumishi wetu pale wanapopandishwa cheo na kuwa viongozi kwa mara ya kwanza.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Barua Ijumaa, funguo Jumatatu

Miaka kadhaa iliyopita, mganga mfawidhi wa zahanati mojawapo tunayoisimamia alistaafu. Hapakuwa na mjadala mrefu kuhusu atakayemrithi. Palikuwa na tabibu mmoja, mama aliyekuwa ametumika pale kwa miaka 11, mpole kwa wagonjwa na makini katika kazi. Kulikuwa na watu waliovuka mto ili watibiwe na yeye. Kamati ya parokia ilimpendekeza, nasi tukakubali siku hiyo hiyo.

Barua ya uteuzi aliipata siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi mstaafu alimkabidhi funguo za stoo ya dawa, za sanduku la fedha na za ofisi. Wakanywa chai pamoja, kisha mzee akapanda basi kurudi kwao. Sisi wa ofisi tulipiga simu kumpongeza, tukaamini kazi yetu imekwisha.

Baada ya miezi 8 tulipokea barua yake ya kuacha kazi.

Tulipokwenda kuuliza, tulikuta mambo ambayo tungeweza kuyaona mapema kama tungefika. Mchana aliendelea kuona wagonjwa kama zamani, kwa kuwa hakuna aliyepelekwa kushika nafasi yake. Usiku ndipo alipojaza vitabu vya MTUHA na fomu za madai ya bima. Madai ya miezi miwili yakachelewa, fedha nazo zikachelewa, oda ya dawa ikapungua, na kwa wiki 3 zahanati ikawa inawaandikia wagonjwa dawa za kwenda kununua mjini. Muuguzi aliyekuwa rafiki yake mkubwa, waliosimamiana hata ubatizo wa watoto, alianza kuchelewa zamu. Mama yule akashindwa kumwambia, akawa anaishika zamu hiyo yeye mwenyewe. Watumishi wengine wakaona ni upendeleo, wakaanza kununa. Baadhi ya wajumbe wa kamati wakawa wanapita kwa mhudumu wa mapokezi kuuliza habari za zahanati badala ya kumwuliza mfawidhi. Na sisi tulimpigia simu mara 5 katika miezi 8 hiyo, mara zote tukiuliza taarifa ya mwezi iko wapi.

Mama huyu hakuiba hata senti moja. Hakuwa mvivu. Katika barua yake aliandika sentensi moja ambayo hatujaisahau: "Nilipewa funguo, sikupewa mtu wa kumwuliza."

Siku ile tulipoteza watu wawili katika mtu mmoja, yaani mfawidhi tuliyemteua na tabibu tuliyekuwa naye kabla ya hapo. Alipata kazi mkoa mwingine. Wale waliokuwa wakivuka mto walivuka wakamkosa.

Kazi mpya si kazi ya zamani yenye mshahara mkubwa

Ndugu wajumbe, kosa letu si geni duniani. Mwaka 1969 Laurence J. Peter na Raymond Hull walichapisha kitabu kiitwacho The Peter Principle. Hoja yao ilikuwa kwamba katika taasisi mtu hupandishwa kwa sababu ameiweza kazi aliyo nayo, tena na tena, mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza, na hapo ndipo hubaki. Wengi walikisoma kama kitabu cha kuchekesha. Lakini mwaka 2019 watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walitoa utafiti juu ya wauzaji wa makampuni ya Marekani, wakaona kwamba wauzaji bora ndio waliopandishwa zaidi kuwa mameneja, na kwamba kuuza sana hakukuwa dalili ya kuongoza vizuri. Waliokuwa hodari wa kuuza waliongoza vibaya kuliko wenzao.

Tusielewe vibaya. Hatusemi mtu hodari asipandishwe. Tunasema kwamba tabibu anayeona wagonjwa 40 kwa siku ana ujuzi wa kutibu, na siku anapokuwa mfawidhi anadaiwa ujuzi mwingine kabisa: kupanga zamu, kusoma leja ya dawa na kujua lini ataishiwa, kumwonya mtu bila kumdhalilisha, kugawa kazi ambayo yeye angeifanya vizuri zaidi, na kukubali kusemwa. Ni hivyo hivyo kwa mwalimu anayekuwa mkuu wa shule, kwa fundi bomba anayefanywa msimamizi wa mradi wa maji, na kwa karani wa mikopo anayefanywa meneja wa chama cha akiba. Jana alipimwa kwa kazi ya mikono yake. Leo anapimwa kwa kazi ya mikono ya wengine. Hakuna anayezaliwa akiijua kazi hiyo, na cheti cha utabibu au cha ualimu hakiifundishi vya kutosha.

Wengi wetu tunakifahamu kisa cha Musa na Yethro katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Mara nyingi tunakitumia kuhimiza kugawana kazi. Tulipokisoma tena baada ya tukio la zahanati, tuliona jambo tulilokuwa tunaliruka. Yethro hakutuma ujumbe kutoka mbali. Alikwenda alikokuwa mkwe wake, akakaa, akamtazama kutwa nzima akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, ndipo akamwambia kuwa kwa mtindo huo atachoka yeye na watu wake pia. Tena hakumwambia achague wakuu tu. Alimwambia kwanza awafundishe watu taratibu na kazi inayowapasa. Sisi tulikuwa tumechagua bila kufundisha, na tulikuwa hatujaenda kutazama.

Mambo tuliyoyabadilisha

Tangu wakati ule tumejiwekea utaratibu. Hauhitaji utaalamu mkubwa, na kamati yoyote inaweza kuufuata.

Kwanza, tunamwuliza mhusika kabla ya kumwandikia. Zamani tulidhani cheo ni zawadi ambayo hakuna anayeikataa. Sasa tunakaa naye, tunamsomea majukumu yote ya nafasi hiyo pamoja na yale yasiyopendeza, na tunampa wiki moja ya kufikiri na kuzungumza na familia yake. Wapo waliosema hapana, nasi tukawashukuru. Anayekubali hukaimu kwanza kwa miezi 3, akilipwa posho ya kukaimu. Kumpa mtu mzigo wa mkubwa kwa mshahara wa mdogo si kumjaribu, ni kumdhulumu.

Pili, makabidhiano ni wiki mbili, si chai ya asubuhi moja. Anayeondoka na anayeingia hupita pamoja mali moja moja: leja na vilivyomo stoo, vitabu vya fedha, madeni tunayodai na tunayodaiwa, mikataba ya watumishi na tarehe za taarifa. Yapo pia mambo ambayo hayakuandikwa popote: nani aliahidiwa likizo mwezi ujao, mzee gani wa kijiji huombwa ushauri kabla ya mkutano, jenereta husumbua wapi. Wote wawili hutia sahihi, na kamati hupata nakala.

Tatu, tunampunguzia kazi ya zamani. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hata yeye mwenyewe hataki kuiacha. Kazi ya zamani anaiweza na anasifiwa kwayo. Mpya inamtia jasho. Mtu akibanwa hukimbilia anakokuweza. Kwa hiyo tunaandika kwenye ratiba: mfawidhi ataona wagonjwa siku hizi na saa hizi, na siku zilizobaki ni za kusimamia. Nafasi yake ya zamani lazima ipate mtu. Kama hatuna fedha za kumpata mtu huyo, basi hatuna fedha za kumpandisha cheo.

Nne, anapewa mlezi. Huyu ni kiongozi mzoefu kutoka kituo kingine, si bosi wake. Mwezi wa kwanza huzungumza kila wiki kwa saa moja, kwa simu au uso kwa uso, kisha kila wiki mbili hadi mwaka utimie. Mlezi hatuletei taarifa. Wanayozungumza ni yao. Tumeona kwamba kiongozi mpya hamwulizi bosi wake swali analoogopa kuonekana mjinga kwalo. Mwenzake aliyewahi kukosea kosa hilo hilo atamwuliza.

Tano, tunamsaidia kukutana na waliokuwa wenzake. Jana walikula pamoja na kumsema bosi pamoja; leo bosi ni yeye. Wengine hujibadilisha ghafla, wakanunua mkoba na kuacha kusalimia. Wengine hujifanya hakuna kilichobadilika, kama mama yule wa zahanati. Njia zote mbili huumiza. Tunamshauri wiki ya kwanza akutane na kila mtumishi peke yake kwa nusu saa, amwulize mambo matatu: kazi yako inaendaje, nini kinakukwamisha, na ungependa nifanye nini. Asiahidi kitu siku hiyo. Kwa rafiki wa karibu aseme wazi, kwa mfano: "Dada, nje ya geti sisi ni ndugu kama zamani. Humu ndani nitakuandikia uchelewaji kama ninavyowaandikia wengine, na nikikuficha nitakuwa nimekukosea wewe na wao." Maneno hayo ni machungu kwa dakika 5. Kuyakwepa huleta uchungu wa mwaka mzima.

Sita, anajifunza sheria ya kazi kabla haijamfundisha kwa gharama. Hapa napo tulijifunza kwa kuumia. Msimamizi mpya wa mradi wetu mmoja alimfukuza mlinzi kwa simu, usiku, kwa hasira. Sababu aliyokuwa nayo huenda ilitosha, lakini hapakuwa na onyo la maandishi, kikao wala nafasi ya mlinzi kujieleza. Shauri likafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nasi tukalipa. Kosa halikuwa la msimamizi peke yake. Tulimpa mamlaka ya kuajiri na kufukuza bila kumpa siku hata moja ya kusoma sheria.

Kwa hiyo sasa kila kiongozi mpya anakaa siku mbili na mtu anayeijua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 pamoja na kanuni zake za mwaka 2007. Si lazima awe mwanasheria, lakini ayajue ya msingi kwa Tanzania Bara. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Kuachisha mtu kazi kunadai mambo mawili kwa pamoja, yaani sababu ya halali na utaratibu wa haki. Kimoja bila kingine hakitoshi. Na anayelalamika kuwa ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri Tume. Kiongozi anayeyajua haya hana haja ya kufoka. Anafungua jalada, anaandika onyo na anaita kikao.

Saba, tunamwachia njia ya kurudi. Katika miezi ile ya kukaimu, akiona kazi haimfai, anarudi kwenye nafasi yake ya zamani, kwa mshahara wake wa zamani, bila maneno. Mama yule angekuwa na mlango huo, huenda leo angekuwa bado anatibu watu wetu.

Ombi letu kwa kamati za parokia

Wajumbe wa kamati, ninyi ndio mnaoishi na viongozi hawa. Tunawaomba mambo matatu.

La kwanza, mpitieni. Mkiwa na swali juu ya shule, zahanati au mradi, mwulizeni mkuu wake kwanza. Mjumbe anayekwenda kwa mhudumu au kwa mlinzi kuokota habari anamfundisha kila mtumishi kwamba mkuu hana mamlaka. Kama mnahofia wizi au unyanyasaji, njia ipo: mwandikieni mwenyekiti wenu na ofisi yetu. Hatuwaombi mfiche maovu, tunawaomba msiendeshe ofisi ya pili chini ya mwembe.

La pili, msimpime kwa aliyemtangulia katika miezi ya mwanzo. Yule mzee mnayemkumbuka kwa busara alikuwa na miaka 20 ya kukosea ambayo mmeisahau.

La tatu, mkosoeni faraghani na mpongezeni hadharani. Kiongozi mpya akikaripiwa mbele ya watumishi wake siku ya Jumapili, Jumatatu hana cha kuwaambia. Hata hivyo, tusimlinde hadi tumharibu. Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana huhesabiwa. Kila mwisho wa mwezi katika miezi 3 ya mwanzo kaeni naye, pitieni mambo machache mliyokubaliana, na mwambieni ukweli.

Ombi letu kwa wafadhili

Wafadhili wetu, kwenu tunasema kwa heshima na kwa uwazi. Tunajua kwamba wachangiaji wenu hupenda kuona fedha zimekwenda kwenye saruji, dawa na madawati, na kwamba kila shilingi iliyoandikwa "utawala" huulizwa maswali. Ni haki kuuliza. Lakini nauli ya mlezi, posho ya anayekaimu, wiki mbili ambapo mishahara miwili inalipwa kwa nafasi moja na siku mbili za mafunzo ya sheria, hivyo vyote vinaangukia kwenye fungu hilo ambalo hukatwa kwanza.

Tunawaomba muvitazame kama sehemu ya mradi wenyewe. Jengo la zahanati ile lilikuwa zuri, na stoo ilikuwa na rafu mpya mlizozigharimia ninyi. Kwa wiki 3 rafu hizo zilikuwa tupu, na hazikuwa tupu kwa ukosefu wa fedha zenu. Zilikuwa tupu kwa sababu mtu mmoja alikuwa amechoka na hakuwa na wa kumwambia.

Ombi la pili ni muda. Kiongozi anapobadilika katikati ya mradi, tupeni nafasi ya kuchelewesha taarifa ya robo mwaka moja, mradi tuwape habari mapema. Kiongozi mpya ambaye jambo lake la kwanza ni kuandika taarifa ya kazi ambayo hakuifanya, hujifunza kuandika yanayopendeza. Hatudhani ndicho mnachokitaka.

Tulipofikia

Hatusemi mambo yote yamenyooka. Utaratibu huu umetushinda mara nyingine, hasa hilo la kuziba nafasi ya zamani, kwa sababu matabibu ni wachache na vituo ni vingi. Walezi wengine walipiga simu mwezi wa kwanza, kisha wakasahau. Msimamizi mmoja alikaimu miezi 3 na kuomba kurudi kwenye ufundi wake. Yupo, anafanya kazi vizuri, na hakuna anayemcheka.

Zahanati ile sasa ina mfawidhi mwingine, kijana aliyepitia hatua zote hizi. Mwezi wake wa pili alimpigia mlezi wake saa 3 usiku kusema kwamba hesabu ya leja na ya rafu haziafikiani na anaogopa kuitwa mwizi. Mlezi alimwambia asifute kitu, aandike tofauti kama ilivyo, na asubuhi ahesabu tena akiwa na shahidi. Walihesabu. Boksi mbili zilikuwa zimepokelewa bila kuandikwa. Jambo likaishia hapo, kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili. Sisi wa ofisi tulilisikia miezi 4 baadaye, kwa mdomo wake mwenyewe, akicheka.

Simu ile ya saa 3 usiku ndiyo tunayowaomba mtusaidie kuigharimia. Mama yule aliyetangulia alikuwa na usiku kama huo mara nyingi, na hakuwa na namba ya kupiga.

Mkirudi parokiani, angalieni ni nani aliyepewa funguo mwaka huu. Nendeni mkamwulize anaendeleaje, na mkae mpaka ajibu.

Mungu awabariki.